Anayemfuata Marehemu

Mwanangu Skola,

Nimekuficha jambo kwa zaidi ya mwaka, na kwa kuwa nguvu za kuficha zinaniishia, naanza nalo: nilielewa. Nilielewa siku ile ile ya vikombe, kabla hujafunga begi lako. Jumapili zote ulizonipigia simu kutoka Dar es Salaam kunieleza upya jinsi kompyuta inavyoipita orodha, kitu kimoja baada ya kingine mpaka mwisho, ulikuwa unamfundisha mtu kitu anachokijua.

Lipo na jingine, kubwa kuliko hilo. Nitalifikia. Nikilianza sasa nitaliacha njiani, najijua.

Barua hii sijaifunga. Kaka yako Kalisti ataisoma kabla yako, kwa kuwa ndiye atakayeituma, na jirani yetu Mama Fausta amekwisha kuniuliza naandika nini asubuhi yote. Wasome tu. Nitakalokiri mwishoni nililifanya mbele ya watu wa nyumba yangu, kwa hiyo sioni haki ya kulifungia kwenye bahasha.

Natumia kompyuta hiyo hiyo uliyoniachia, maana kalamu siku hizi inanitoka vidoleni. Hapa Majengo baridi imeanza. Milima ya Matogoro haionekani mpaka jua likolee, na mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara ikinyamaza nasikia pumzi yangu mwenyewe ikitafuta njia. Daktari aliongea na Kalisti mlangoni kwa sauti ya chini, akidhani wazee wote ni viziwi. Nilisikia. Nilimkataza Kalisti asikwambie, akakubali kwa shingo upande. Basi na hilo sasa unalijua, na usimlaumu.

Unakumbuka Krismasi ile? Ilikuwa ya kwanza bila mama yako. Ulinikuta nimekaa sebuleni, redio imezimwa, sahani ya jana bado iko mezani. Ulisema mwalimu wa hisabati hawezi kukaa anatazama ukuta mpaka mwezi uishe, ukatoa kompyuta kwenye mkoba ukaiweka mbele yangu. Nilikwambia mimi ni mtu wa chaki. Ukasema, "Baba, hii nayo ni ubao. Tofauti yake ni kwamba inakujibu."

Hukuiwasha. Ulikwenda jikoni ukaleta vikombe vyote vya nyumba hii, vile vya udongo alivyokuwa akivitunza mama yako na kile cha bati kilichobonyea, ukavipanga mstari mmoja mezani. Hiyo ndiyo orodha, ulisema. Kisha ukanishika kidole ukakiweka juu ya kile cha kwanza. Kinachoguswa na kidole ndicho kinachoitwa kikombe. Kidole kikihama, jina linahama nacho. Kila kimoja zamu yake ikifika kinaitwa jina hilo hilo, kinafanyiwa kinachotakiwa, kisha kinamwachia mwenzake. Ukaniandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa Kiswahili kwanza ili nisiiogope lugha ya mashine: kwa kila kikombe kilichomo mezani, osha kikombe.

Nilikuuliza kompyuta itajuaje vipo vingapi.

"Haihitaji kujua, Baba. Inapita mpaka viishe."

Hukujua ulichonipa hapo. Maisha yangu yote nilihesabu kwanza ndipo nikaanza. Nilihesabu madawati kabla sijaandika tarehe ubaoni, nilihesabu madebe ya mahindi kabla ya kumwambia mama yako kama mwaka utafika mwisho. Na leo mtoto wangu ananiambia ipo njia ya kupita katikati ya vitu bila kuuliza ni vingapi, ukikitazama kila kimoja zamu yake kana kwamba ndicho pekee kilichopo. Chai ilipoa mbele yangu. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimefurahi, na ni muda mrefu nilikuwa sijafurahi, sikukumbuka uso unavyotakiwa kukaa. Wewe ukadhani nimechanganyikiwa. Ukanipapasa begani ukasema tutarudia.

Sikukusahihisha. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Ulipoondoka, Jumapili iliyofuata ulinipigia nikiwa nimetoka misani, bado nimevaa koti. Kabla ya siku hiyo simu zetu unazijua zilivyokuwa. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula, mvua ipo, mvua haipo, haya Baba. Safari hii uliuliza kama nimeielewa ile lupu, ule mzunguko wa kidole juu ya vikombe. Nilifungua mdomo kusema ndiyo, nikaiona hiyo ndiyo inakwenda wapi. Ungesema safi sana, ungeniuliza kama nimekula, na nyumba ingerudi kuwa kimya kabla sijavua koti.

Nikasema, "Bado kidogo, mwanangu."

Ukaanza upya. Ulizungumza nami mpaka simu ikawa ya moto sikioni. Ulicheka mara moja, niliposema kidole changu kimechoka kutembea juu ya vikombe. Sikuwa nimekusikia ukicheka na mimi tangu ukiwa mdogo. Nilikaa na kicheko hicho wiki nzima.

Basi nikawa mwanafunzi mbovu kwa makusudi. Kila Jumamosi niliandaa kosa la kesho yake, na niliandaa kwa uangalifu, kwa sababu kumdanganya mtu anayeijua kazi yake ni kazi. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu mpaka nikastaafu, najua mtu asiyejua anavyokosea. Anayejifanya hajui hukosea kila kitu. Asiyejua kweli hukosea kitu kimoja kile kile, huku ana uhakika nacho. Kwa hiyo nilichagua kosa moja nikalifuga. Niliacha kusogeza ndani mstari wa pili wa maagizo, ili mashine isijue kipi kimo ndani ya mzunguko na kipi kiko nje. Wewe kwa subira ukaeleza. Nikaelewa wiki hiyo, nikasahau wiki iliyofuata. Siku moja uliniuliza kama miwani yangu bado inafaa, ukataka kunitumia nyingine. Niliona haya, lakini sikuacha.

Mama Fausta ndiye alinikamata. Unamjua yule, ukuta wa nyumba zetu kwake ni pazia tu. Alikuja na bakuli la mboga ya maboga, akakaa kwenye kiti cha mama yako bila kukaribishwa, akasema amenisikia nikipiga kelele kwenye simu sijaelewa, sijaelewa, tangu Kwaresima. "Mwalimu gani huyo? Ungekuwa mwanafunzi wako mwenyewe ungeshajifukuza."

Nilimwambia mambo ya kompyuta ni magumu.

"Ee, magumu," alisema. "Mbona katikati ya wiki hupigi kelele? Wewe unaelewa, Mwalimu. Unataka kupigiwa tu."

Aliondoka akiwa ameshinda, na bakuli lake akaliacha ili apate sababu ya kurudi.

Jumamosi moja, nikitafuta kosa la kesho yake, nilichoka na vikombe. Nikaandika orodha ya watu wa nyumba hii, kwa mpangilio niliouzoea tangu zamani: Baba, Mama, Kalisti, Deo, Skola. Ndiyo, na Deo. Najua katika nyumba hii jina hilo hatulitamki. Unamkumbuka kwa mbali tu, kaka yako aliyekutangulia, aliyetutoka kwa homa Lusewa wakati mimi nafundisha kule, wewe ukiwa hujaanza shule.

Nilichotaka kompyuta ifanye kilikuwa kitu rahisi. Ipite kwenye orodha, jina moja moja. Ikimkuta marehemu, imtoe. Ikimkuta aliye hai, iandike jina lake kwenye kioo. Nadhani nilitaka kuona nyumba yangu ilivyo sasa, imeandikwa na kitu kisicho na huruma. Nilitegemea majina matatu.

Iliandika moja. Baba. Ikasimama.

Nilirudia, ikaandika vile vile. Nilisoma mistari yangu mmoja mmoja kama ninavyosoma jibu la mtihani, sikuona kosa. Hakukuwa na kosa la kufugwa hapo, mwanangu, hilo lilikuwa la kweli na sikulijua. Nilikaa nikalitazama neno hilo peke yake juu ya kioo kitupu, Baba, kisha nikazima mashine nikaenda barazani kwa Mama Fausta. Nilimsaidia kuchambua maharage bila kuombwa, mpaka akaniuliza nani amekufa.

Kesho yake nilikueleza kila kitu bila kuigiza. Ulifurahi. Ulisema hatimaye nimeleta kosa la watu wazima, kosa ambalo hata mafundi wa ofisini kwenu hulifanya wakiwa na haraka. Ukaniagiza nilete vikombe vitano, nivipe majina, niweke simu mezani nikusikilize.

Nikagusa cha kwanza, Baba. Kipo. Nikagusa cha pili, Mama. Ukasema, mtoe, na mstari ujibane usiwe na pengo. Nikamtoa. Kalisti akasogea mahali pa Mama. Ukasema, sasa kidole chako kilikuwa nafasi ya pili, kipeleke ya tatu. Nikakipeleka, nikamkuta Deo. Kalisti alikuwa nyuma yangu tayari, hakuguswa. Mtoe Deo, ulisema. Nikamtoa, na wewe ukasogea mahali pake. Kidole nikakipeleka mbele, kikagusa meza.

"Huwezi kumtoa mtu kwenye orodha huku unaipita, Baba," ulisema. "Anayemfuata marehemu anasogea mahali pake, na wewe umeshapiga hatua. Huyo ndiye unayemruka."

Nilisikia magari ya huko kwenu. Nilijua, na nilijua kwamba na wewe umejua ulichokisema, kwa sababu uliporudi sauti ilikuwa nyingine, ndogo, ya nyumbani.

"Umeelewa, Baba?"

Hukuwa unauliza habari za kompyuta. Nilikuwa nimeshika kile kikombe cha bati, ndicho nilichokipa jina lako.

"Sijaelewa," nilisema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Ulivuta pumzi. Hukukasirika, ungekasirika ningepona. Ulisema basi, tuiache, labda umri nao una mipaka yake, na kwamba si lazima kila mtu ajue programu. Ukaniuliza kama nimekula.

Jumapili iliyofuata ulipiga tukazungumza mvua. Iliyofuata ulituma ujumbe, una kazi nyingi. Sasa zinapita Jumapili nzima nikiwa na koti langu, na simu iko mezani kama kijiko. Sikulaumu hata kidogo. Mwalimu akishaambiwa kabisa, anafuta ubao.

Ila ujue kwamba jioni ile ile nililitengeneza. Njia yake ulikuwa umeshaitaja katikati ya maneno: nitoe kwanza nakala ya orodha, nipite kwenye nakala, nimtoe marehemu kwenye ile yenyewe. Hapo hakuna anayesogea wakati mguu wako uko hewani. Niliandika hivyo nikaiendesha. Yakaja majina matatu, moja chini ya jingine, Baba, Kalisti, Skola. Niliyasoma kwa sauti. Ningeweza kukupigia dakika ile. Nilikaa mpaka uji ukaganda.

Sikukupigia kwa sababu ya Lusewa. Na sasa nimefika.

Tulikuwa watu watano katika ile nyumba ya walimu, na rozari ina makumi matano. Mama yako alikuwa akisema Mungu alitupangia idadi. Kila jioni baada ya kula tulikaa kwenye mkeka kwa kufuatana, mimi kumi la kwanza, mama yako la pili, Kalisti la tatu, Deo la nne, na wewe, uliyekuwa hujui hata kufunga kiatu, la tano. Ndiyo maana orodha yangu niliiandika kwa mpangilio ule, sikuwa na mwingine.

Wewe Salamu Maria uliijua yote. Kitu ambacho hukukijua ni wapi pa kusimama. Ungefika kumi ukaendelea, macho umefumba, sauti inapanda, na Kalisti angenong'ona kwamba leo Skola anatuombea mpaka jogoo awike. Deo ndiye aliyekuokoa. Alikaa karibu yako, akishika punje za rozari yako kwa vidole vyake, na ukifika ya kumi alikufinya kidogo, basi unaruka kwenye Atukuzwe Baba kana kwamba ulijua siku zote. Mama yako alijifunika kanga usoni asicheke wakati wa sala.

Kisha Deo akaugua masika, barabara zimekatika, na yaliyofuata sitayaandika. Ndugu walikuja, walisali nasi, wakaondoka. Jioni ya kwanza tukiwa peke yetu nilitandika mkeka kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Nilisema kumi langu. Mama yako akasema lake, sijui alipata wapi sauti. Kalisti akasema lake. Halafu ukaja ukimya mahali pa la nne, na katika ukimya ule wewe ulisogea. Ulijikokota juu ya mkeka ukakaa pale alipokuwa akikaa, ukachukua rozari yake iliyokuwa imening'inia msumarini juu yake, ukafungua mdomo.

Mimi nikaanza. Nilisema kumi la nne haraka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kisha la tano nikampa mama yako kwa jicho. Ulifunga mdomo ukatusikiliza. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Na kesho kutwa.

Mama yako aliniambia tukiwa jikoni, "Baba Kalisti, mtoto anasubiri." Nikamwambia bado mdogo, atapotea, atatutia aibu mbele ya jirani. Wewe mwenyewe uliniuliza siku moja, umesimama mlangoni na sare mpya ya darasa la kwanza, "Baba, mimi lini?" Nikasema ukikua. Ulikua. Kila jioni kwa miaka ulikaa mahali pale, mwanzoni ukiwa umeshika punje ya kwanza tayari, baadaye ukiwa umeishika tu, na mwisho rozari ikawa inalala mapajani mwako. Tukahamia Songea, ukaenda shule ya bweni, na kumi la nne likaendelea kuwa langu. Mama yako alikufa likiwa bado langu.

Na sababu niliyoitoa haikuwa kweli. Mwaka ule ule nilikusikia nyuma ya nyumba, umejificha karibu na banda la kuku, unasali peke yako. Ulisali kumi zima. Ulipofika ya kumi ulisimama, ukasema Atukuzwe Baba, bila wa kukufinya. Ulikuwa umejifunza. Nilisimama kwenye kona ya ukuta mpaka ukamaliza, nikarudi ndani, na jioni ile nikaanza kumi la nne kama kawaida.

Sasa kwaheri, mwanangu. Usipande basi kwa haraka kwa ajili ya barua hii, na ukija uje na sweta, huku si Dar. Ulikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi. Hukuchoka na mwanafunzi wako kabla hajakupa sababu.

Nilitaka nikwambie kwamba nilifanya kama ile mashine, maana mashine ikimruka mtu haijui kuwa imemruka. Haimwoni. Ningependa sana kujificha humo, na watu wangenisamehe, wangesema baba wa watu alipofushwa na msiba. Lakini nilikuona. Kila jioni, katika mwanga wa koroboi, nilikuona vizuri kuliko nilivyowaona wote, kwa sababu ulipofungua mdomo sauti ilikuwa ya Deo na mtu hakuwa Deo. Ulikuwa hai, Skola, umekaa mbele yangu unasubiri niseme jina lako, na mimi baba yako nilitamani pale pabaki wazi kuliko pawe na wewe.

Baba yako